Kunoa Timu ya Mbio za Skati Malindi Kabla ya Mashindano

Tarehe ya mashindano ikishatangazwa, kila timu ya mbio za skati za magurudumu huongeza mazoezi, na hapo hakuna kosa. Kosa huanza pale inapoendelea kuongeza hadi usiku wa kupanda basi, kwa imani kwamba siku ya mapumziko ni siku iliyopotea. Wanaskati hufika kwenye mstari wa kuanzia wakiwa na miguu mizito na usingizi usioisha, na muda wao huwa mbaya kuliko wa mwezi uliotangulia. Kisha lawama huenda kwa chakula, kwa lami, kwa magurudumu.

Kambi kali haikusudiwi kumpa mtu kasi akiwa kambini. Inakusudiwa kumchosha kwa mpango, kisha kuuachia mwili muda wa kujijenga. Kuchoka kuna wakati wake na kasi ina wakati wake, na sehemu kubwa ya kazi ya kocha ni kuhesabu siku zilizo baina ya hizo mbili.

Kila zoezi gumu huacha vitu viwili mwilini: uchovu na uwezo. Uchovu ni mkubwa lakini huisha upesi, katika siku chache au wiki moja na kitu. Uwezo huongezeka kidogo kidogo na hukaa kwa wiki kadhaa. Mazoezi yakiwa mazito mfululizo, uchovu huufunika uwezo, hivyo mwanaskati anazidi kuwa imara huku saa ikionyesha anazidi kuwa mzito. Kocha asiyelijua hilo hupima mita 500 mwishoni mwa wiki ya pili ya kambi, huona muda umeharibika, na huongeza kazi. Hapo ndipo timu nyingi huvunjika. Muda mbaya katika wiki ya pili ni jambo la kutarajiwa, na ni afadhali kutopima kabisa siku hizo.

Siku huhesabiwa kuanzia mwisho

Chukua kalenda, weka alama siku ya mbio ya kwanza, kisha rudi nyuma. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza mzigo. Wiki tatu kabla ya hizo ndizo kambi yenyewe. Kwa hiyo kazi nzito huanza wiki tano kabla ya mashindano, na anayeingia humo awe tayari na miezi miwili au zaidi ya mazoezi ya kawaida. Aliyekuwa amekaa nyumbani asitiwe kambini kwa huruma. Nyonga au kiuno kitamwangusha kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Mzigo hupimwa kwa daftari na kalamu. Nusu saa baada ya zoezi, kila mmoja anaulizwa peke yake, mbali na wenzake: kwa kipimo cha 0 hadi 10, lilikuwa gumu kiasi gani? Namba hiyo inazidishwa kwa dakika za zoezi. Dakika 90 zenye ugumu wa 7 ni pointi 630. Jumlisha za wiki nzima. Mwanaskati aliyezoea pointi 2,000 kwa wiki anaweza kubeba 2,400 katika wiki ya kwanza ya kambi, 2,800 katika ya pili, kisha 2,400 tena katika ya tatu. Akiruka kutoka 2,000 hadi 3,500 kwa mara moja, anajitafutia jeraha.

Pamoja na namba hizo, kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi wastani wake kwa mapigo 7 au zaidi kwa siku mbili mfululizo, na usingizi wake ni mbaya, siku hiyo afanye nusu tu ya kazi. Asiseme anajisikia vizuri. Vijana wa mbio karibu wote husema wanajisikia vizuri.

Uwanja wa mita 200 mahali pasipo na uwanja

Mashindano ya kimataifa ya skati za magurudumu, yanayosimamiwa na World Skate, shirikisho la kimataifa la michezo ya skati, huwa na mbio za uwanjani na mbio za barabarani. Uwanja rasmi una mzunguko wa mita 200 na kona zilizoinuliwa kwa nje. Huko kuna mbio fupi za mita 200, 500 na 1,000, mbio za pointi za mita 5,000, mbio za kuondoa wa mwisho za mita 10,000, na za kupokezana za mita 3,000. Barabarani zipo za mita 100 hadi marathoni ya kilomita 42.195.

Malindi timu inaweza kujichorea mzunguko wake kwenye eneo lolote pana la lami au saruji laini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 15 hutoa mita 94.2, na sehemu mbili zilizonyooka za mita 52.9 kila moja hukamilisha mita 200. Pigilia msumari katikati ya kila nusu duara, funga kamba, zunguka na chaki. Koni za kuonyesha ukingo wa ndani ziwekwe kwenye nusu kipenyo cha mita 14.7, kwa kuwa hakuna anayepita juu ya koni. Njia halisi iko sentimita 30 nje yake. Ukitaka njia yenye upana wa mita 4 na nafasi ya kutosha ya mtu kupepesuka bila kugonga ukuta, tafuta eneo la karibu mita 95 kwa 42.

Kona hiyo ni bapa, na jambo hilo halitaki mzaha. Kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, kona ya mita 15 inahitaji lami imvute mwanaskati kwa ndani kwa nguvu inayozidi kidogo theluthi mbili ya uzito wake. Lami kavu iliyofagiwa inaweza kuubeba mzigo huo. Yenye mchanga haiwezi, na Malindi mchanga hauishi, hasa kusi inapovuma. Kwa kilomita 30 kwa saa mahitaji hushuka hadi chini ya nusu ya uzito. Kwa hiyo fagio mbili za nje ni vifaa vya timu sawasawa na saa ya kupimia muda, na kona hufagiwa kila siku, hata kama jana zilifagiwa. Kasi kubwa kabisa ifanyiwe kwenye sehemu zilizonyooka.

Barabara kuu za kwenda Mombasa na kwenda Mambrui si mahali pa kufanyia mazoezi. Ukingo wake ni mbovu, malori hupita na upepo wao, na tuktuk hugeuka pasipo ishara. Anayejiandaa kwa marathoni atumie mzunguko mrefu ndani ya mtaa tulivu, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, akiwa na mtu mmoja kwenye kila njia panda. Saa hizo joto liko chini na kwa kawaida upepo haujapanda. Masika mvua ikinyesha, acha kona kabisa. Magurudumu hayashiki lami yenye maji. Fanyeni mazoezi ya nchi kavu.

Mkao unaochoma mapaja

Mwanaskati wa mbio hukaa chini: goti limekunjwa karibu nyuzi 90 hadi 110, mgongo umelala, kidevu kimeinuka kiasi cha kuona mbele. Mkao huo hupunguza eneo linalopigwa na hewa na hurefusha msukumo wa mguu. Gharama yake ni kwamba misuli ya paja na ya makalio hukazwa muda mrefu bila kulegea, damu hupita kwa shida, na mguu huchomeka ilhali pumzi bado ipo. Ndiyo maana mkimbiaji hodari wa mbio ndefu akivaa skati hulalamikia mapaja kabla ya mapafu.

Tena mbio huzunguka kinyume cha saa. Kwenye kona mguu wa kulia huvuka juu ya wa kushoto, mwili umelalia kushoto, na kila mguu hubeba mzigo wa namna yake mizunguko yote. Timu inayozunguka upande mmoja tu hujijengea maumivu ya nyonga. Robo ya mazoezi mepesi ifanywe kwa kuzunguka kulia.

Uvumilivu wa mkao hujengwa bila skati. Kaa kana kwamba kuna kiti, mgongo bila kuegemea ukuta, sekunde 60, mara nne, ukipumzika dakika moja na nusu kila mara. Fuatisha miruko ya upande kwa mguu mmoja, 12 kila upande, seti tatu, ukitua kimya na kutulia sekunde moja kabla ya kuruka tena. Anayetua kwa kishindo amechoka, na seti yake imeisha. Kwa kona, kata tyubu ya gari kuukuu iwe mkanda mpana, uzungushe kiunoni mwa mwanaskati, mwenzake ashike ncha upande wa kulia. Mwanaskati analalia kushoto na kupiga hatua za kuvuka polepole, hatua nane, kisha wabadilishane. Mkanda unambeba, naye anajifunza kuuamini mlalo ambao kwenye lami angeuogopa.

Kuna mtindo wa kusukuma mara mbili kwa mguu mmoja, uliosambazwa miaka ya 1990 na Mmarekani Chad Hedrick, ambaye baadaye alihamia barafuni na kushinda dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Turin mwaka 2006. Mguu hutua ukiwa umevuka katikati ya mwili, gurudumu limelalia ukingo wa nje, huvuta kwenda ndani, kisha hubadili ukingo na kusukuma kwenda nje. Una faida kubwa kwenye sehemu zilizonyooka. Lakini hauanzishwi kambini. Unahitaji miezi, na mtu anayejifunza ufundi mpya akiwa amechoka hujifunza makosa. Asiye nao wiki tano kabla ya mashindano ashindane na alichonacho.

Mstari: sababu ya kufanya mazoezi kama timu

Mtu anaweza kujichosha peke yake. Kambi ya pamoja inahitajika kwa ajili ya hewa. Kazi ya kupasua hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi: kutoka kilomita 36 hadi 40 kwa saa ni nyongeza ya asilimia 11 tu ya kasi, lakini nguvu ya kupasua hewa huongezeka kwa asilimia 37 hivi. Aliye nyuma ya mgongo wa mwenzake huepuka sehemu nzuri ya kazi hiyo. Timu inayojua kukaa kwenye mstari hufika mizunguko ya mwisho ikiwa na akiba ambayo mtu wa peke yake hawezi kuwa nayo.

Wawe watano. Nafasi kati ya mtu na mtu iwe nusu mita hadi mita moja, kiasi kwamba mkono ukinyooshwa unagusa kiuno cha wa mbele. Miguu yote ipige kwa wakati mmoja, kushoto pamoja, kulia pamoja. Asiyefuata mdundo atagonganisha magurudumu, maana mguu wa mwanaskati hutanuka mbali nje ya mwili. Wa mbele anaongoza mzunguko mmoja, na anapotoka kwenye kona kuingia sehemu iliyonyooka anahamia kulia, anaacha kusukuma, mstari unampita, na wa mwisho anaita "Mwisho!" ili ajue pa kuingia.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea sekunde hiyo hiyo. Aliyekuwa wa pili, akijiona mbele, anaongeza kasi. Labda nguvu zilikuwa zimemjaa, labda anataka kocha amwone. Wa tatu anachelewa kidogo, wa nne zaidi, na wa tano anajikuta mita kumi nyuma akikimbiza kwa nguvu zote ili kurudi, na aliyetoka mbele hapati pa kujishika. Baada ya mabadiliko manne ya aina hiyo mstari hauko tena. Anayeshika uongozi anatakiwa kuishika kasi ile ile, wala haongezi kitu.

Dawa yake ni saa. Kilomita 30 kwa saa ni mita 200 kwa sekunde 24. Kocha asimame kwenye mstari wa kuanzia na kuita muda wa kila mzunguko kwa sauti. Muda ukiwa nje ya sekunde 23.5 hadi 24.5, aliyekuwa mbele anarudia zamu yake. Mkiweza dakika 20 bila kosa, shukeni hadi sekunde 22. Ni zoezi la kuchosha akili kuliko miguu, na linafaa kufanywa karibu kila wiki ya kambi.

Mambo mawili zaidi yanaokoa ngozi. Ukimkaribia mno wa mbele, usivunje mwendo ghafla. Inua kifua kidogo hewa ikupunguze, au weka kiganja kiunoni mwake na ukunje kiwiko ili kimeze tofauti ya kasi. Na upepo ukija kwa ubavu, kama kusi inavyopiga sehemu moja ya mzunguko, kinga haiko nyuma moja kwa moja. Iko nyuma kidogo kwa upande usiopigwa, kwa hiyo mstari wote usogee mshazari.

Nguvu zisizolingana ndani ya timu hutatuliwa kwa muda. Hodari anaongoza mizunguko miwili au mitatu kwa kasi ile ile, wa kawaida mmoja, mwanaskati mchanga hashiki uongozi kabisa ila hakubaliwi kukatika kwenye mstari. Hivyo wote wanachoka sawasawa, na mchanga anajifunza mdundo wa watu wenye kasi. Timu inayomwacha hodari avute anavyotaka hupata hodari mmoja na majeruhi wanne.

Wiki yenyewe

Jumatatu jioni ni ya kufyatuka: mita 100 kutoka kusimama, mara nane, mapumziko dakika 3 hadi 4. Vijana huona mapumziko hayo marefu mno na hutaka kuyakata. Yakikatwa, zoezi la kasi linageuka zoezi la stamina na miguu haijifunzi kufyatuka. Jumanne asubuhi ni mstari, dakika 40. Jumatano ndiyo siku nzito: dakika 4 kwa ugumu wa 8, kisha dakika 3 polepole, mara tano, jioni ni mkao na mkanda wa tyubu, si zaidi ya dakika 45. Alhamisi baiskeli nyepesi au kuogelea. Ijumaa asubuhi, mapema kabla ya maandalizi ya sala, ni kupokezana. Jumamosi ni mbio za kuigiza. Jumapili hakuna kitu.

Mbio za kuigiza ziwe na sheria kamili. Kwenye mbio za pointi, mizunguko iliyotajwa humpa wa kwanza pointi 2 na wa pili 1, na mzunguko wa mwisho hutoa 3, 2 na 1. Kwenye mbio za kuondoa, anayepita mwisho kwenye mzunguko uliotajwa anatoka. Mchezo huo wa pili huwatoa watu wenye nguvu kwa sababu moja: hukaa ndani, karibu na koni, wanazingirwa, na kengele ikilia hawana njia ya kupita. Kaa wa tatu hadi wa sita, upande wa nje kidogo. Unalipa mita chache zaidi kila kona, na unanunua uhuru wa kusogea.

Kwenye kupokezana, timu ni watu watatu na mita 3,000 ni mizunguko 15, kwa hiyo mkibadilishana kila mzunguko kila mmoja ana mitano. Anayekuja humsukuma anayetoka. Anayetoka awe tayari katika mwendo, karibu asilimia 80 au 90 ya kasi ya anayekuja, amekaa chini, uzito mbele, macho mbele. Mikono ya msukumaji hutua nyonga zote mbili viwiko vikiwa vimekunjwa, kisha hunyooka kwa nguvu moja. Kusukuma mabegani humwinua mpokeaji na kumwangusha. Mpokeaji akisimama wima msukumo unapotea, na akigeuza kichwa kutazama nyuma anaenda pembeni. Anzeni na mabadiliko kumi ya polepole, kisha sita ya kasi, na kocha apime muda wa mita 30 kabla na mita 30 baada. Muda wa baada ukizidi wa kabla kwa zaidi ya nusu sekunde, tatizo karibu kila mara ni mpokeaji kuanza kwa kuchelewa.

Jasho la Malindi

Pwani hewa ina unyevu mwingi, jasho linadondoka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Pima uzito kabla na baada ya zoezi, mwili mkavu na nguo chache. Mwenye kilo 60 akipungua 1.2 amepoteza asilimia 2, na zaidi ya hapo kasi na uangalifu hushuka. Ikiwa alikunywa nusu lita katikati, basi jasho lake lilikuwa lita 1.7 hivi, na sasa anajua kiasi cha kubeba kesho. Baada ya zoezi anywe mara moja na nusu ya alichopungua, kidogo kidogo kwa saa kadhaa.

Maji matupu kwa wingi hayatoshi, kwa kuwa jasho hutoa chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kupangusa juu, ni kinywaji kinachofanya kazi na hakigharimu kitu. Madafu ni mazuri na yana potasiamu tele, lakini sodiamu yake ni ndogo kuliko inayotoka kwenye jasho, kwa hiyo yaandamane na chakula chenye chumvi. Anayeanza kutetemeka kwenye joto, kupepesuka au kujibu maneno yasiyoeleweka asimamishwe papo hapo, avuliwe helmeti na skati, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa huku gari la hospitali likitafutwa. Kumpoza kunatangulia safari.

Kambini si mahali pa kupunguza unene. Wali, viazi vitamu, mihogo na chapati ndivyo vinavyojaza misuli. Samaki, maharagwe, mbaazi na mayai huitengeneza. Kula ndani ya saa moja baada ya zoezi gumu. Kambi ikiangukia Ramadhani, kazi nzito ihamie baada ya tarawehe, na saa ya mwisho kabla ya futari ibaki kwa mazoezi mepesi ya mkao.

Chumvi ya bahari na beringi

Skati moja ya magurudumu manne ina beringi nane, na jozi ina 16, za kipimo cha 608: tundu la milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Kati ya beringi mbili za kila gurudumu kuna kijibomba cha kutenganisha. Kikipotea, ukikaza ekseli beringi zinabanwa na gurudumu halizunguki vizuri, na watu hununua beringi mpya bila sababu.

Hewa ya bahari huzitia kutu zikiwa zimekaa tu. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila siku, usizioshe kwa maji, na usiziache kwenye mkoba wenye soksi mbichi. Kila wiki moja au mbili fungua kifuniko, zitikise ndani ya mafuta ya taa mpaka mchanga utoke, zikauke kabisa, kisha tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kushika vumbi. Yasitumike.

Magurudumu huliwa upande wa ndani. Yageuze, na ubadilishane la kwanza na la tatu, la pili na la nne, kila baada ya mazoezi matatu au manne. Yale ya mbio, ya poliurethani (plastiki inayonyumbuka) yenye ugumu wa 85A hivi kwenye kipimo cha ugumu wa magurudumu, yatembezwe katika mazoezi mawili au matatu kabla ya siku yenyewe ili utando wa kiwandani uondoke. Buti mpya zisivaliwe ndani ya mwezi wa mashindano. Na kanuni za ukubwa wa magurudumu hutofautiana kwa umri na aina ya mbio, kwa hiyo kocha azisome kabla ya kununua.

Wiki mbili za mwisho

Punguza wingi kwa asilimia 40 hadi 60, na usiguse kasi. Mita 100 mara nane ziwe mara nne, kwa kufyatuka kule kule. Dakika 4 mara tano ziwe dakika 2 mara tatu, kwa ugumu ule ule. Mstari wa dakika 40 uwe wa 20. Idadi ya siku za mazoezi ibaki karibu ile ile, ili miguu isisahau. Kosa la kawaida ni kinyume chake: timu hubaki na saa ndefu za mwendo wa polepole, ikidhani upole ni mapumziko.

Siku za kwanza za kupunguza huleta mashaka. Miguu huhisi mizito, goti lisilouma kamwe huanza kuuma kidogo, na kila mtu anaomba zoezi moja la nyongeza. Kocha akatae. Kufikia wiki ya pili usingizi huwa mzito, mapigo ya asubuhi hushuka, na wanaskati huanza kulalamika kwamba mazoezi ni mafupi. Hayo ndiyo malalamiko yanayotafutwa.

Ikiwa mashindano ni Nairobi, kuna hesabu nyingine. Mji huo uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Malindi kwa takriban asilimia 15. Wa mbio fupi watafaidika, maana hewa ya kupasua ni chache. Wa mbio ndefu watakosa pumzi mapema, hivyo mstari uanze polepole kuliko walivyozoea, na mapumziko kati ya mazoezi ya huko yarefushwe. Kona pia zitafikiwa kwa kasi kubwa kuliko ya nyumbani kwa juhudi ile ile, na anayeingia kona kwa mazoea ya Malindi atashangaa. Ukipata nafasi ya kufika siku kumi au zaidi mapema, ichukue. La sivyo, fika siku mbili kabla, kwa ajili ya kuondoa uchovu wa safari na uvimbe wa miguu.

Asubuhi ya mbio kula muda wa saa tatu kabla ya kushindana: mkate, uji, ndizi, chai. Mbaazi za nazi zina mafuta na nyuzi zinazokaa tumboni, ziache mpaka baada ya fainali. Pasha mwili dakika 30, polepole kwanza, kisha mfyatuko mara tatu wa mita 60, na umalize dakika 10 hadi 15 kabla ya kuitwa. Muda uliobaki ni wa kuvaa shati kavu, kukaa kivulini, na kukagua kila ekseli kwa spana ya L: ikazwe hadi ishike, gurudumu lizunguke bure, na spana irudi mikononi mwa kocha kabla mwanaskati hajasimama.